Shajara ya mradi: kuunganisha migongo ya vilima juu ya bonde la Ruaha Mkuu

Juni, wiki ya kwanza. Mradi wenyewe

Haya jamani, naanza kuandika hii kitu maana kila nikirudi Moro watu wananiuliza ulikuwa wapi tena, naelezea upya mpaka nachoka, bora niwe naandika tu anayetaka asome.

Ukitoka Mikumi kwenda Iringa unafika mahali barabara inaingia kwenye lile bonde la mibuyu, mto Ruaha Mkuu unakuwa mkono wa kushoto na ng'ambo ya mto ndo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Basi zima linatazama kushoto, wengine wanatoa simu wanarekodi mto. Mi miaka yote nakaa dirisha la kulia. Kulia kuna vilima vimesimama kama mtu kavikata na panga, mawe na mibuyu imeshikilia sijui wapi, hakuna njia, hakuna kibao, hakuna mtu anayevizungumzia, na mi kila nikipita najiuliza huko juu mgongoni kukoje.

Kwahiyo mradi ni kutembea juu ya huo mgongo mpaka usawa wa Ruaha Mbuyuni. Mstari niliouchora kwenye simu unasoma kilomita 14. Nimeukata vipande vinne, na kila kipande lazima kipate sehemu ya kupandia na sehemu ya kushukia ambayo mtu wa kawaida mwenye raba na lita zake nne za maji anaweza kuipita bila kuning'inia. Hilo la kushuka likumbukeni, mi wakati naandika mstari huu wa mwanzo nililiona dogo sana.

Kuna jamaa kaniuliza mbona nisiende Udzungwa tu. Nimeenda, nimepanda mpaka maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, pazuri mno. Lakini ile ni hifadhi tangu 1992, kuna njia, kuna mhifadhi anakuongoza, unalipia unaingia unafurahi unatoka. Hiki ninachotaka ni kitu kingine, nataka kujua mtu anapitaje mahali ambapo hapajapitwa.

Timu tupo watatu. Mimi, kazi yangu fundi simu, miguu ya kawaida. Dogo, mtoto wa mama mdogo, miaka 22, mbio nyingi breki hana. Na Mzee, mkulima wa vitunguu pale Mbuyuni, Mhehe, enzi za ujana wake alikuwa anarina asali huko huko juu. Mzee nilimpata kwa kununua vitunguu kwake, nikamuuliza kuhusu vilima akaniangalia sana halafu akasema, "Mwanangu, huko juu umepoteza nini?" Sikuwa na jibu. Akacheka, akaniambia niende kwanza ofisi ya kijiji. Nikaenda na barua yangu, mtendaji akauliza kama tunatafuta madini, nikamwambia hapana, akauliza tena, mwisho akagonga muhuri.

Juni, wiki ya pili. Ramani

Wiki hii sijapanda kitu, nimekaa na ramani usiku baada ya kufunga kibanda.

Nilichogundua mapema (na nilipaswa kukitilia maanani zaidi) ni kwamba ramani ya simu haioni makorongo. Mistari ya kontua (ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) kwenye hizi apu nyingi inatokana na data ya ile safari ya chombo cha anga cha Marekani ya Februari 2000, waliipima dunia kwa rada, na kila kijidoa cha data kina upana wa kama mita 30. Sasa fikiria korongo lenye upana wa mita 10, kuta zake zimesimama. Data inachukua juu na chini inachanganya inakupa wastani, kwenye simu unaona mteremko mzuri laini. Na kontua zenyewe zimepishana mita 20, maana yake ukuta wa mita 15 unaweza kujificha katikati ya mistari miwili usionekane kabisa. Hapo ramani haijakosea, imesema kile inachoweza kusema.

Kingine nilichofanya ni hesabu ya muda. Kuna kanuni ya mzee mmoja wa Scotland anaitwa Naismith, ya mwaka 1892, inasema saa moja kwa kila kilomita 5 halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kipande cha kwanza ni kilomita 3.1 na kupanda mita 610, kwahiyo ukipiga hesabu unapata dakika 98. Nikasema sawa, tuweke masaa matatu tuwe na akiba. Dogo akasema mawili yanatosha. Haya.

Juni 21. Kipande cha 1

Masaa matano na dakika 20. Andika hiyo.

Tulilala kwa Mzee Ijumaa, Jumamosi saa 12 asubuhi tupo chini ya kilima, GPS inasoma mita mia tano na kitu. Dakika ishirini za kwanza raha tupu, mibuyu mikubwa, chini yake kumepoa, ndege wanapiga kelele, Dogo anarekodi video. Halafu mteremko ukaanza na majani yakaanza. Juni majani bado hayajaungua, yamekauka yamesimama mpaka kifuani, huoni unapokanyaga, kila hatua unapapasa na mguu kwanza kama mtu anaingia chumba chenye giza, na chini ya majani kuna mawe ya ukubwa wa kichwa ambayo hayajashikana na kitu. Unapanda hatua mbili unarudi moja.

Mzee anapanda na katambuga. Mi nimevaa buti za laki na nusu, yeye katambuga za matairi, na hatelezi. Nilimtazama karibu saa nzima ndo nikaelewa, hapandi moja kwa moja, anakata kimshazari, kulia, halafu kushoto, mguu anauweka ubavu, na fimbo anaishika mkono wa upande wa mlima siyo wa upande wa bonde. Sisi wote fimbo tulikuwa tunaiweka upande wa bonde, maana ndo tunaogopa kuangukia huko. Mzee anasema ukiegemea bonde bonde linakuchukua, egemea mlima. Kingine alitukataza kufuatana mgongoni kama siafu. Jiwe la wa mbele likitoka linakwenda kwa wa nyuma moja kwa moja, kwahiyo mnapishana, na likitoka unapiga kelele "jiweee" hata kama ni dogo kama andazi.

Sasa upupu.

Mita kama 300 juu ya barabara kuna ukanda wa vichaka, umetandwa na upupu uliokauka, yale maganda yenye manyoya ya kahawia yanayong'aa kwenye jua. Mzee aliuona akasimama, akasema tuzunguke. Dogo alikuwa ameshatangulia. Upupu uliokauka hauhitaji hata uuguse, upepo ukipita ule unga unapeperuka unakufuata wenyewe. Nilisikia kelele, nikajua nyoka, nikakimbia kumwokoa, basi nikaingia na mimi. Sitaki kuelezea zaidi. Nilitaka kumwaga maji shingoni Mzee akanishika mkono, akasema maji utazidisha na pia hayo ndo maji yako ya kunywa, akachimba udongo kwenye kivuli akatusugua nao kama watoto wanaoogeshwa. Ilipungua. Haikuisha, ilipungua.

Juu mgongoni tulifika saa 5 na dakika 20. Na kule juu, aisee, kumbe pana mawe makubwa kama nyumba na pimbi wamejaa, wanakuangalia kama wewe ndo mgeni na kweli wewe ndo mgeni. Chini unauona mto wote unavyojikunja, kahawia, na barabara pembeni yake, na malori madogo kama viberiti, na sauti yanavyobadilisha gia inafika mpaka juu sekunde kadhaa baada ya lori lenyewe kupita kona. Ng'ambo Udzungwa kijani kibichi. Mto ule hata kiangazi una maji kwa sababu bwawa la Mtera lipo juu yake, linahifadhi na kuachia kwa ajili ya mitambo ya Kidatu huko chini, kwahiyo sisi tumekauka midomo juu ya jiwe tunayatazama maji ya kuzungusha umeme wa mji mzima.

Kushuka tulirudi njia ile ile, tukakwepa upupu. Masaa matatu. Kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi zote mbili.

Julai 12 na 13. Kipande cha 2, na usiku wake

Hiki ndo kipande watu wananiuliza, kwahiyo nitakielezea vizuri na sitajipendelea.

Mzee hakuja, alikuwa na zamu ya maji shambani, na mwenye vitunguu haachi zamu ya maji kwa ajili ya watu wanaotembea bila sababu. Alituambia tupande njia tuliyoifungua, tutembee mgongoni mpaka kwenye kilima cha pili chenye mbuyu mmoja juu, halafu TURUDI. Tusitafute pa kushukia bila yeye. Alisema mara mbili.

Tulifika kwenye mbuyu saa 9 alasiri. Tumechelewa, majani, mawe, na tulizunguka genge ambalo ramani haikulionyesha. Hapo ndo mahali pa kufanya uamuzi. Kurudi ni masaa matano, jua linazama saa 12 na nusu, hesabu haikubali. Na mbele yetu, chini kabisa, barabara. Unaiona. Unaona basi la Iringa limesimama, unaona watu wanashuka kuchimba dawa, unaona shati jekundu la konda. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita moja na nusu. Halafu kuna kibonde kinashuka kutoka pale pale kwenye mbuyu kuelekea barabarani, mwanzo wake umetulia, mchanga laini, hakuna majani, kama mtu katuandalia njia. Dogo alisema, "Kaka, lisaa limoja tu hapo." Na mi nikakubali, mi ndo mkubwa, mi ndo niliyekubali.

Dakika arobaini za kwanza tulikuwa tunacheka. Korongo linakwenda vizuri, tunaruka kijiwe kimoja kimoja, nikawa nafikiria kuandika hapa kwamba tumepata njia ya kushukia bora kuliko zote. Halafu tukafika kwenye ukuta wa kwanza, kama mita mbili na nusu, laini, maji ya masika yameusugua. Tukakaa, tukateleza na makalio, tukatua. Fresh. Mbele kidogo wa pili, mita tatu. Tukatumia kamba yangu ya manila, tukaifunga kwenye mzizi, tukashuka, na kamba ikagoma kutoka. Tukaiacha.

Hapo ndo tungeshtuka, maana ukuta wa kwanza tulioteleza hakuna namna ya kuupanda kurudi, na sasa kamba hatuna. Kila tunachoshuka tunafunga mlango nyuma yetu. Lakini barabara inazidi kuwa karibu! Sasa hivi tunasikia mpaka redio ya lori. Ukiwa pale akili inakwambia umeshafika, na macho yanaiunga mkono, miguu tu ndo inajua.

Ukuta wa tatu ulikuwa wa mita kama 12. Korongo linafika pale linaisha, mbele hewa, chini kidimbwi kikavu chenye mawe. Pembeni kulia jabali, kushoto jabali. Saa 12 na dakika 10 jioni.

Jua la huku halina mbwembwe, likizama dakika ishirini giza. Tulikaa kimya. Kisha nikatoa simu, mtandao umejaa mpaka juu, hiyo ndo ilinichekesha, mtandao kuliko hata kibandani kwangu. Nikampigia Mzee, nikampa Dogo aongee maana mi aibu. Dogo akaanza kwa adabu zote, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmeshalala au mnakuja kula?"

"Mzee... tumekwama kidogo."

"Mko wapi?"

"Tunaiona barabara."

Kimya. Halafu Mzee akasema, "Barabara hata mimi naiona, mwanangu. Wewe uko wapi?"

Nikachukua simu nikaeleza yote, mbuyu, kibonde, kuta, kamba. Hakugomba. Aliuliza kama kuna aliyeumia, akauliza maji yamebaki kiasi gani (lita moja na nusu kwa watu wawili), akauliza kama tumekaa kwenye mchanga wa korongo au pembeni. Tulikuwa kwenye mchanga. Akasema tutoke hapo tupande kwenye kiukingo, huko chini ndo wanapopita wanyama usiku kwenda mtoni, na tusiguse ukuta, tusijaribu kitu, tuzime simu moja. Mwisho akaniambia, "Msishuke hata hatua moja. Hata mkiona pamekaribia." Kama vile anajua nilichokuwa nakiwaza.

Usiku mrefu ule. Baridi siyo kali, bonde lina joto, lakini jiwe linakunyonya. Tulikula karanga na nusu mkate. Taa za malori zinapita chini yetu usiku kucha, zinatoka kona moja zinaingia kona nyingine, na kila moja ikipiga kona taa zake zinapanda ukutani zinatumulika sekunde moja halafu giza tena. Nilijaribu kupunga tochi. Nani atajali tochi juu ya mlima. Kuna lori moja lilipiga honi, Dogo akafurahi, mi nadhani lilimpigia nyani.

Saa 3 asubuhi tukasikia mluzi. Unatoka juu, siyo chini! Mzee alitoka kwake saa 9 usiku na kijana wake, wakapanda njia yetu ya kipande cha kwanza, wakapita mgongoni, wakashukia pembeni ya korongo na kamba mbili. Nilimuuliza mbona hukuja tu kutokea barabarani, pako hapo hapo. Akanyoosha kidole kwenye ule ukuta wa mita 12 akaniuliza, "Nipande na nini?"

Walituvuta kuta zile mbili kurudi juu, kisha tukashukia kwenye kijimgongo chembamba kati ya korongo letu na la jirani, kibaya kukiangalia, miiba, mawe yamechongoka, mi peke yangu nisingekichagua kwa pesa. Kilitufikisha barabarani masaa mawili kasoro.

Mzee hakusema lolote mpaka tumekula ugali. Baada ya kula alisema kijana wake amekosa siku ya kazi, nikamlipa kijana, akapokea, yakaisha.

Julai, mwishoni. Marekebisho

Wiki mbili sijapanda, goti la kushoto. Nimebadilisha mradi.

La kwanza, sehemu ya kushukia inatafutwa KWANZA, kutokea chini, kwa kupanda. Ukipanda na miguu yako mwenyewe bila kamba, ujue utashuka. Ukishuka, hakuna anayekuhakikishia kwamba utapanda. Kwahiyo sahivi kila kipande tunaanza kwa kupanda pale tutakaposhukia siku nyingine. Inaongeza safari mara mbili na nauli mara mbili, kutoka Msamvu, stendi ya Morogoro, mpaka Mbuyuni ni kama kilomita 200 na zile 50 za ndani ya hifadhi ya Mikumi basi linatembea kama linaenda msibani, lakini ndo hivyo.

La pili, makorongo yamefutwa. Tunatembea juu ya migongo na vijimgongo tu. Korongo linaanza vizuri linaisha vibaya kwa sababu maji ndo yamelichonga, na maji hayaogopi kuruka mita 12. Mgongo unaanza vibaya ila hauna cha kukuficha, unaona mbele.

La tatu hesabu. Naismith nimemzidisha mara tatu na robo kwa majani ya Juni na Julai, ndo uwiano wa kipande cha kwanza, na saa 8 mchana popote tulipo tunageuka.

Njia za mbuzi pia nimezifuta kwenye ramani yangu. Nilikuwa nimechora kadhaa nikidhani zinaenda juu. Mbuzi haendi kileleni, anaenda kwenye kivuli, akifika anasimama, na njia inaishia hapo.

Septemba 6. Kipande cha 3

Fupi, maana kilikwenda vizuri na kikienda vizuri hakina stori.

Moto umepita vilimani mwezi wa nane, majani yameungua, ardhi nyeusi, upupu umeungua (shangwe), mawe yote yanaonekana. Kilomita 3.6, kupanda mita 540, Naismith anasema dakika 97, sisi masaa matatu na dakika 25. Yaani mara mbili na kidogo tu. Ila masizi, tulishuka tumefanana na wachoma mkaa, konda akatuweka siti ya nyuma kabisa.

Tatizo moja la vilima vilivyoungua, mawe yaliyokuwa yameshikwa na mizizi ya majani sasa hayashikwi na kitu. Yanatoka kwa urahisi zaidi kuliko Juni. Tulipiga kelele za "jiwe" siku nzima mpaka sauti zikakauka. Na tulikuta kifutu amejikunja kwenye jivu, rangi moja na jivu, Mzee alimwona kwa hatua mbili. Kifutu hakimbii, hiyo ndo shida yake, wengine ukikanyaga kwa kishindo wanaondoka, yeye anakusubiri. Tukazunguka.

Dogo sahivi anatembea nyuma. Hakuna aliyemwambia.

Oktoba 4. Kijimgongo cha kipande cha 2

Tulirudi kwenye lile korongo la Julai, siyo kulishuka, kulitazama kutokea kwenye kijimgongo cha Mzee. Nilitaka kulirekodi vizuri lisije likamwita mtu mwingine. Kamba yangu ya manila bado inaning'inia pale ukutani, imepauka. Nimeweka alama kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea kitu, maporomoko matatu ndani ya korongo, na kijimgongo nimekiweka kama njia isiyoonekana ardhini. Tulijenga marundo ya mawe pale kwenye mbuyu kuonyesha uelekeo, moja kila hatua hamsini, nyani wameshaanza kuyabomoa wakitafuta wadudu. Nitajenga makubwa zaidi.

Jua la Oktoba ni suala lingine. Saa 4 asubuhi jiwe huliwekei mkono. Lita nne zimeisha saa 6, tukageuka. Tuliokota mabuyu tukanyonya, ubuyu ule mkavu ukiwa na kiu unakufanya uwe na kiu zaidi, ila mdomo unapata kazi.

Novemba 8. Kipande cha 4, nusu

Tulipanda kutokea upande wa Mbuyuni kwa mara ya kwanza, kwahiyo tunakuja kukutana na mwisho wa kipande cha 3. Kupanda kulikuwa kwema, Mzee anakijua kilima hiki kuliko vyote, alituonyesha mbuyu wenye vigingi vya kukwelea vilivyopigiliwa kwenye shina, vingine vimemezwa na gome vimebaki vichwa tu. Alipigilia yeye baadhi, vingine anasema alivikuta. Alikuwa na miaka kumi na kitu. Alisimama pale muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, akagusa kimoja, akakivuta, hakikutoka.

Mibuyu imeanza kuchipua, maana yake mvua iko jirani. Na kweli saa 7 mchana wingu likasimama juu ya Udzungwa, jeusi, likaanza kuvuka mto kuja kwetu. Tulikuwa tumebakiza kama kilomita 1.3 kukutana na mstari wa Septemba. Kilomita 1.3! Unauona ule mwamba tuliokulia mihogo mwezi wa tisa, upo pale, kati yetu ni tandiko moja tu la mgongo, yaani pale mgongo unapobonyea kabla ya kupanda tena, ambalo kwa macho unalimaliza ndani ya nusu saa.

Nilitazama saa, nikamtazama Dogo. Dogo akasema, "Kaka, mi naiona tu barabara." Tukacheka mpaka Mzee akauliza kuna nini.

Tukageuka. Mvua ilitukuta tukiwa theluthi ya mwisho, mawe yakawa sabuni, tulishuka kwa makalio sehemu nyingi lakini ni makalio ya mahali ambapo tulipapanda kwa miguu. Mto ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi tulipofika barabarani.

Hali ya mradi kwa sasa: kilomita 12.7 kati ya 14 zina mstari uliotembewa. Kipande cha 1 na cha 3 vina sehemu nzuri za kupandia na kushukia. Cha 2 kina kijimgongo, ambacho ni cha mtu asiyeogopa miiba. Cha 4 pa kupandia papo. Imebaki ile kilomita 1.3, na majani yataanza kuota wiki mbili zijazo, kwahiyo hakuna kitu mpaka moto upite tena, mwezi wa nane au wa tisa. Buti nimeuza. Mzee amenichongea katambuga, jozi moja, elfu nane, nazifanyia mazoezi kibandani, wateja wananicheka. Kamba mbili za Mzee zimebaki kwake. Ya kwangu bado iko ukutani.